Mtu wa Swichi

Ndani ya mtambo uliokwisha kuzimwa, ambao balbu yake imemulika kisha ikafa, umebaki umeme kiasi gani? Ningeulizwa swali hilo asubuhi ya siku ile, ningejibu bila kusita kwamba haujabaki hata chembe. Lakini swali lilinijia saa saba na dakika chache mchana, mkono wa baba yangu ukiwa umezama ndani ya amplifaya, mtambo wa kukuza sauti, hadi karibu na kiwiko. Kidole changu kilikuwa juu ya swichi ambayo nilikwisha kuizima. Hapakuwa na kitu kingine cha kuzima.

Karakana yetu ilikuwa sebule ya nyumba kabla sijazaliwa. Baba aliikata kwa benchi refu la mbao kutoka ukuta hadi ukuta, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu, na nafasi hiyo nayo akaiwekea ubao wa kufunika. Nyuma yake zimepangwa rafu za redio zisizo na mifuniko na spika zilizotoboka. Akishaingia na kuushusha ubao, hawezi kurudi nyuma hata hatua moja. Yeye husema aliijenga hivyo ili wateja wasimfikie. Mama husema aliijenga hivyo ili asiweze kuitoroka kazi.

Katika karakana hiyo mtambo wenye umeme haufunguliwi na mtu mmoja. Fundi husimama ndani ya benchi, na nje ya benchi, kwenye swichi kuu, husimama mtu wa swichi. Huyo hana kazi nyingine. Hajibu simu, hampokei mteja, hajikuni pua. Anatazama mkono wa fundi, na akiambiwa "zima" anazima. Zaidi ya yote, hapigi kelele. Mkono uliomo ndani ya mtambo ukishtuliwa huruka, na hakuna ajuaye utatua wapi.

Kwa miaka kumi na minane mtu wa swichi alikuwa mama. Mwaka jana aliona mkono wa shati la baba umenasa kwenye ncha ya waya, akapiga ukelele. Shati peke yake lisingefanya kitu. Ukelele ndio uliourusha mkono ukaangukia palipo wazi. Baba alilala sakafuni dakika ambazo mama hajawahi kunihesabia. Amebakiwa na kovu la duara kwenye kiganja, na kichupa cha vidonge vya moyo kinachokaa rafuni kati ya makopo ya skrubu. Daktari alimwambia kwamba moyo wake umejifunza kupiga upya, ila mshtuko wa pili huenda usiusamehe. Tangu siku hiyo mama hakukanyaga tena karakana. Alihamishia cherehani yake chumba cha ndani na kufunga mlango ulio kati, na baba, akiwa hana mtu wa swichi, akawa anapokea redio ndogo tu.

Kwa hiyo niliporudi likizo kutoka chuoni, ambako nasomea uhandisi wa umeme, swichi ikawa yangu.

Nilirudi na imani kubwa. Niliamini, na bado naamini, kwamba elimu isiyofika nyumbani kwa aliyekulipia ni mapambo. Siku ya pili nilipita chumba hadi chumba na kiti cha jikoni, nikitoa balbu za zamani za waya, zile zinazotoa joto kuliko mwanga, na kuweka za LED zinazookoa umeme. Nilitoa na hotuba.

"Haya, Profesa," baba aliniambia, "na mimi je? Huoni ninatoa joto kuliko mwanga?"

"Wewe utabaki, Baba. Hawauzi mwingine."

Alicheka mpaka akakohoa. Nami nikaendelea hadi karakanani, ambako kulikuwa na balbu moja iliyochakaa kuliko zote, kwenye ubao mdogo wenye nyaya mbili za vibanio. Kioo chake kilikuwa cheusi kwa ndani. Nikaitoa pia. Niliichomeka ile mpya, nikaijaribu kwenye umeme wa ukutani, ikang'aa. Nilimwambia baba nimempa balbu mpya na nimeipima. Alisema asante, mwanangu. Alinisadiki, kwa sababu mimi ndiye ninayesoma.

Wiki tatu zilipita bila kuhitaji ubao ule, kwani zililetwa redio ndogo ndogo tu. Kisha meneja wa ukumbi wa mikutano alileta amplifaya ambayo watu wawili waliibeba huku wakilaumiana. Ilikuwa inakata upande wa kulia ikishapata moto. Meneja, mwanamume mnene mwenye huruma na haraka kwa kiasi sawa, aliketi kwenye stuli upande wa mlango akijipepea kwa gazeti. Ukumbi wake ulikuwa na mkutano jioni ile.

Tatizo linalojitokeza kwa joto haliwezi kutafutwa mtambo ukiwa baridi. Baba aliufungua mfuniko, akaiwasha, akaipitishia mluzi wa kupimia, nasi tukaungoja moto.

"Fundi," meneja aliuliza baada ya nusu saa, "wimbo huu hauna maneno?"

"Maneno yanakuja. Kwanza tunampa nafasi mpiga mluzi."

Ndani ya amplifaya ile palikuwa na mabapa mawili ya alumini, marefu kama vitabu vilivyosimamishwa, ya kupoza transista, vile vipande vinavyokuza sauti. Baba alinionyesha kwa kijiti. Katika mitambo mingi mabapa hayo hayana umeme, na fundi huweza kuyaegemea. Katika hii, mtengenezaji alifunga transista moja kwa moja kwenye alumini, hivyo kila bapa lilibeba umeme mzima wa upande wake: themanini na tano juu ya sifuri kulia, themanini na tano chini ya sifuri kushoto. Kati yao palikuwa na volti mia na sabini, na upana wa kiganja.

"Umeliona jumba lenyewe?" alisema. "Kuta zote mbili zinauma."

Nilivibana vibanio vya mita yangu kwenye ncha za kapasita kubwa, kwa sababu nilitaka kuandika vipimo kwenye daftari. Baba aliitazama mita kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na kiti chake.

"Chuo kimekufundisha kutoamini macho yako."

"Kimenifundisha kuandika, Baba."

"Mita ikiishiwa betri inadanganya kama mgombea. Balbu haijui uongo. Balbu ikizimika, mkono unaingia. Hivyo ndivyo alivyonifundisha mwalimu wangu, na alikufa kwa uzee."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni, kama siku zote, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kwa mkono wa kulia aligonga viungo kimoja kimoja kwa kijiti kikavu. Katika dakika ya arobaini aligonga karibu na nati iliyo chini kabisa ya bapa la kushoto, na mluzi ukakatika. Akagonga tena, ukarudi.

"Huyu hapa," alisema taratibu. "Nati imelegea. Zima."

Nikazima. Alibana nyaya za ubao wa balbu kwenye kapasita. Kapasita zile huhifadhi umeme baada ya kuzimwa, kama pipa linavyohifadhi maji baada ya bomba kufungwa. Rezista za kiwandani, vipande vya kuumwaga umeme huo, zilikuwa zimeungua zamani. Kazi hiyo ndiyo ya balbu. Ilimulika kwa ukali, ikapepesa mara mbili, ikazimika.

Baba alitandika kipande cha mpira wa tairi juu ya ukingo wa sanduku, akakunja mkono wa shati, akachukua spana nyembamba ambayo mpini wake aliuzungushia mkanda mweusi miaka mingi iliyopita, akaupinda mkono kwa ubavu na kuuteremsha katikati ya mabapa. Mimi niliinama kuandika usomaji wa mwisho, ambao ungekuwa sifuri.

Mita ilisoma mia na kumi na nane.

Kwanza niliilaumu mita. Nilitafuta alama ya betri, nayo ilikuwa imejaa. Nikatazama tena. Mia na kumi na nane. Baada ya pumzi tatu, mia na kumi na saba na nukta tisa. Kisha nikaitazama balbu, ile plastiki nyeupe iliyovimba niliyoichomeka kwa mikono yangu, nikaelewa yote kwa pamoja, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kufungiwa chumbani. Balbu ya waya hunywa umeme mpaka tone la mwisho, na weusi wake ni ahadi. Ya LED ina sakiti ndani yake. Volti zikishuka chini ya kiwango inachokitaka, inaacha kunywa, inajizimia, na kuuacha umeme mahali ulipo. Haikudanganya. Haikuwa imeulizwa swali lile.

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Ndicho kipimo cha nafasi niliyokuwa nayo. Nikipiga kelele, mkono ungeruka, nami nilijua ungetua wapi, kwani pande zote mbili zilikuwa umbali wa kidole. Nikinyamaza, vidole vingeendelea kuitafuta nati. Alikuwa amebanwa na mabapa, amebanwa na benchi, amebanwa na rafu mgongoni. Mimi nilikuwa nimebanwa na kanuni yake mwenyewe. Na meneja alikuwa ameanza hadithi ya amplifaya nyingine iliyowahi kutoa moshi.

Niliongea kwa sauti ninayotumia mezani kuomba kijiko.

"Baba, umeshika nini?"

"Spana. Nati ina ubishi."

"Mkono wako unagusa bapa lolote?"

"La kulia. Mgongo wa mkono umeliegemea."

"Na la kushoto?"

"Spana ipo juu ya nati yake. Kidole bado. Kwa nini unaniuliza kama karani?"

"Usilisogelee. Usitoe mkono, na spana usiiachie. Kapasita zina mia na kumi na saba."

Hakusogea. Nilimwona akiacha kupumua, kisha akianza tena, polepole, kwa kukusudia.

"Balbu imezimika," alisema.

"Balbu ni ile niliyoiweka mimi. Inazimika kabla ya umeme kwisha."

Spana ile sasa ilikuwa imeng'ang'ania nati yenye umeme wa upande mmoja, na mgongo wa mkono wake uliegemea umeme wa upande mwingine. Kilichokuwa kati ya pande hizo kilikuwa mkanda mweusi wa miaka mingi. Akiiachia spana, ingeanguka na kuyaunganisha mabapa, na mlipuko wa cheche ungetokea kwenye vidole vyake. Akiuvuta mkono, kifundo kilichoingia kwa kupindwa kingelazimika kupindwa tena palipo pembamba zaidi. Na alikuwa ameanza kutokwa jasho. Tone lilishuka kutoka kwenye nywele zake hadi kwenye nyusi, likakaa hapo.

"Si mzime tu?" meneja aliuliza, akiinuka kwenye stuli.

"Imeshazimwa, mzee. Tafadhali kaa."

"Imezimwa, halafu ina umeme?"

"Keti, meneja," baba alisema kwa upole. "Leo unasomeshwa bure."

Akaketi. Nilihitaji kitu cha kunywa umeme ule: kitu chenye waya wa joto na kisicho na akili ndani yake. Balbu zote za zamani nilizitupa mwenyewe, kwa fahari. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimechomekwa chini ya benchi, nyuma ya magoti ya baba, nami nisingefika pale bila kumsukuma. Lakini kwenye ubao wa balbu palikuwa na soketi, ambayo baba aliiweka kwa ajili ya kuongeza balbu ya pili pakiwa na mzigo mkubwa. Kitu chochote chenye plagi kingeingia hapo. Na nyuma ya mlango uliofungwa cherehani ilikuwa ikisikika, na pembeni ya cherehani huwa kuna pasi.

"Mzee," nilimwambia meneja, "nenda mlango ule wa ndani, bisha polepole, umwombe mama pasi yake. Usikimbie. Usimwambie lolote la haraka."

"Pasi ya nguo?"

"Ya nguo."

Alinitazama kama mtu aliyeishiwa na maswali, akaenda kwa ncha za vidole, mwili wake wote ukijaribu kuwa mwembamba. Nilisikia cherehani ikinyamaza. Nilisikia maneno yake: "Mama, samahani, wanaomba pasi, lakini si kwa haraka," kwa sauti ambayo ingemwamsha maiti kwa wasiwasi wake. Mita ilisoma mia na kumi na sita na nukta nane.

"Mkono unachoka," baba alisema.

"Najua."

"Nakuarifu tu, uandike kwenye daftari."

Mlango ulifunguka. Mama alisimama kizingitini, ambako hakuwa amesimama tangu mwaka jana, pasi mkononi na waya wake ukiburuta sakafuni, uzi mwekundu begani. Aliutazama mkono wa baba. Miaka kumi na minane haisahauliki kwa mwaka mmoja: hakuuliza, hakulia, hakuita jina la mtu. Alikuja kwa hatua sawa hadi upande wangu.

"Nimekuja, baba watoto," alisema chini chini.

"Nimekusikia. Nyayo zako zina kelele kuliko hii amplifaya."

Mama aliinua pasi. "Niiweke kiasi gani?" aliniuliza.

Swali hilo ndilo lililotuokoa, kwani nilikuwa nimesahau. Pasi iliyogeuzwa hadi mwisho wa kuzima haipitishi kitu. Ningeichomeka ningesubiri bure, na baba angesubiri pamoja nami.

"Mwisho kabisa, Mama. Ya nguo nzito."

Akazungusha kitufe hadi kikalia. Nilichukua plagi kwa mkono wa kulia na kuuingiza wa kushoto mfukoni mwa sketi, nikiibana ngumi.

"Baba, utasikia mlio mdogo upande wangu. Ni mimi. Usijali."

"Mlio mdogo. Haya."

Nikachomeka. Cheche ya samawati ililamba mdomo wa soketi, ikatoa mlio kama wa njiti ya kiberiti. Sikuitazama. Niliitazama mita, nikasoma kwa sauti, kwa sababu yeye hakuweza kuiona na mama hakuweza kuacha kumtazama yeye.

"Sitini na mbili. Ishirini na nane. Kumi na moja. Nne."

"Nitoe?"

"Ngoja. Moja. Nukta tatu." Mama alikuwa ameushika ukingo wa benchi. "Nukta moja. Sifuri. Ngoja bado." Nikahesabu hadi kumi, kwani kapasita hujirudishia kidogo zikiachwa, na pasi ilikuwa bado inakunywa. "Sifuri. Toa, Baba."

Mkono ulitoka polepole, ukikwaruza alumini njia nzima, pande zote mbili, na hakuna kilichotokea. Aliiweka spana juu ya benchi. Mama aliinua ubao wa kuingilia, akaingia mahali pembamba pale ambapo watu wawili hawaenei, na kukishika kiganja chenye kovu kwa mikono yake miwili. Mimi niliiokota spana. Mkanda ulikuwa umepasuka mahali pa kidole gumba, na chuma kilichungulia, upana wa punje ya mchele. Ufa ulianzia kando kidogo ya pale palipobaki alama ya jasho lake.

Niliwaonyesha wote. Sikutaka niwe peke yangu niliyekiona.

Meneja ndiye aliyerudi duniani wa kwanza, kwa sababu ukumbi wake ulikuwa bado unamngoja. "Poleni sana," alisema, na alimaanisha. "Sasa, fundi, nisionekane mwongo mbele ya watu. Itawaka saa ngapi?"

Baba alijifuta paji la uso kwa mkono wa shati. Tayari macho yake yalikuwa yamerudi ndani ya sanduku.

"Imebaki nusu mzunguko wa nati," alisema. "Tutafute balbu ya waya kwa jirani, kisha tuiwashe amplifaya, tuipige moto tena tuhakikishe. Profesa, rudi kwenye swichi. Jumatatu akishaondoka huyu, mama watoto, itabidi tusameheane, urudi wewe."

Mama alikiachia kiganja, na mkono wake ukakaa hewani kidogo kabla ya kushuka. Nilimwona akipima kwa macho umbali wa kutoka pale hadi kwenye swichi, kama mfungwa anayeonyeshwa tena chumba kile kile. Nikaelewa kwamba ningeweza kuomba radhi kwa balbu, ningesamehewa kabla ya jioni, na wiki ijayo ningekuwa darasani nikichora kapasita ubaoni huku yeye amesimama hapa akiumeza ukelele wake.

Nilichomoa plagi ya pasi, nikaitoa balbu niliyoiweka, nikaiweka katikati ya benchi ambapo kila mmoja wao angeiona.

"Kosa hili ni langu," nilisema. "Nilibadilisha kitu nisichokijua kazi yake, na Baba akaniamini. Meneja, leo haiwashwi. Nitakutafutia ya kuazima kwa fundi mwingine wa sokoni, na nitakuja ukumbini mwenyewe kumweleza yeyote atakayeuliza. Mama, hutasimama tena hapa. Jumatatu siendi chuoni. Nitawaandikia kwamba nitachelewa kwa wiki moja. Katika wiki hiyo nitafunga rezista za kumwaga umeme kwenye ubao huu, na mita ya kudumu ukutani, mbele ya macho ya Baba, aisome mwenyewe. Na mpaka mita hiyo iwepo, na isome sifuri, hakuna mkono utakaoingia kwenye mtambo wowote humu ndani, Baba, hata ukiwa wako."